Jinsi ya Kusoma Alama za Alkemia: Kutoka Elementi Nne hadi Mbwa Mwitu Anayemla Mfalme

Ukitafuta mtandaoni maana ya alama za alkemia utaletewa chati. Pembetatu ni moto, duara lenye nukta ni dhahabu, nyoka anayejiuma mkia ni umilele. Chati hizo zina ukweli ndani yake, lakini chukua moja uende nayo kwenye kitabu cha mwaka 1600, hutafika ukurasa wa pili. Alama ileile inabadilika maana aya mbili mbele. Dutu moja inaitwa kwa majina kumi. Simba anatokea, anameza jua, na mwandishi anaendelea na maelezo yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kusoma kurasa hizo kwa jinsi walioziandika walivyozielewa. Kanuni ni moja: kabla ya kuuliza alama hii ni jina la kitu gani, uliza kitu hicho kilifanya nini motoni. Wanaalkemia walikuwa watu wa tanuri. Waliangalia kipi kinapanda kuwa moshi, kipi kinabaki chini ya chungu, kipi kinakula kingine, na rangi inageukaje. Alama nyingi ni kumbukumbu ya waliyoyaona, na aliyekwisha kuona mambo hayo alizisoma bila shida.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Haya ni mafunzo ya kusoma, si ya kupika. Zebaki, aseniki na antimoni ziliwadhuru wengi waliozichoma katika vyumba vilivyofungwa, na hazijapoa ukali tangu wakati huo.

Hatua ya 1: Jua maandishi yako ni ya lini na ya wapi

Alkemia ilidumu zaidi ya miaka 1,500 katika lugha zisizopungua tatu. Zosimos wa Panopolis, mji wa Misri ambao leo unaitwa Akhmim, aliandika kwa Kigiriki karibu mwaka 300. Kisha elimu ikaingia katika Kiarabu, ikakua sana Iraki, Uajemi na Misri. Mwaka 1144 Robert wa Chester alitafsiri kwa Kilatini kitabu cha Kiarabu cha alkemia, na kwa kawaida tafsiri hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo iliyofungulia Ulaya mlango. Kuanzia hapo mpaka karne ya 18 Ulaya iliandika, ikachora na ikaficha kwa bidii kubwa.

Tarehe inabadilisha maana. Alama ☿, ya sayari ya Utaridi, leo kila mtu anaisoma kuwa zebaki. Lakini katika orodha za kale za Kigiriki sayari ya Utaridi ilipewa bati, na Mshtarii akapewa elektramu, mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Elektramu ilipoacha kuhesabiwa kuwa metali ya peke yake, viti vikasogezwa: bati likaenda kwa Mshtarii, Utaridi akapewa zebaki. Msomaji anayebeba chati ya karne ya 17 kwenda nayo kwenye hati ya karne ya 6 atachanganya bati na zebaki, na hakuna kitakachomwonya.

Ukishajua tarehe, tambua aina ya alama iliyo mbele yako. Kuna alama ya kuandikia, mchoro mdogo unaosimama badala ya neno ili kuokoa muda na wino. Hii mara nyingi haikuwa siri; hata wauza dawa waliitumia kwenye vibandiko vya chupa. Kuna jina la kificho, ambapo "tai" au "maziwa ya bikira" ni dutu fulani. Na kuna picha nzima yenye wafalme, wanyama na miti. Picha hizi zilikolea Ulaya kuanzia karne ya 14 na 15; vitabu vya Kiarabu kwa sehemu kubwa vilitegemea maneno.

Maandishi yaliyo chini ya jina la Jabir ibn Hayyan, ambayo wataalamu wengi wanayaona kuwa kazi ya mikono kadhaa ya karne ya 9 na 10, yanakiri wazi mbinu yake: elimu inatawanywa, kipande katika kitabu hiki, kipande katika kile. Kwa hiyo ukikutana na maelezo yaliyokatika katikati, usidhani ukurasa umepotea. Huenda yalikatwa makusudi.

Hatua ya 2: Soma elementi nne kama tabia

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokwama, kwa hiyo tusikimbie. Aliyeviweka pamoja moto, hewa, maji na udongo ni mwanafalsafa Empedocles wa Sicily, katika karne ya 5 KK, na Aristotle akavipa utaratibu ambao uliongoza watu karibu miaka 2,000. Utaratibu wenyewe ni wa tabia nne: joto, baridi, umajimaji na ukavu. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na umajimaji. Maji ni baridi na umajimaji. Udongo ni baridi na ukavu.

Kwa msomaji wa pwani hili si geni. Wanajimu wetu bado wanagawa nyota kuwa za moto, za udongo, za upepo na za maji, na mzee anayelalamikia baridi yabisi magotini anataja tabia za udongo bila kumtaja Aristotle.

Angalia sasa kinachofuata. Maji na hewa vina umajimaji pamoja. Vinatofautiana kwa baridi na joto tu. Yape maji joto, baridi iondoke, nayo yanakuwa kitu cha namna ya hewa. Sufuria inayochemka ilikuwa ushahidi tosha. Kama kitu kinaweza kuwa kingine kwa kubadilishana tabia moja, kugeuza risasi kuwa dhahabu si uchawi; ni hesabu ya tabia. Maandishi ya Jabir yanasema risasi kwa nje ni baridi na kavu, lakini kwa ndani ni joto na majimaji. Dhahabu ni kinyume chake: nje joto na umajimaji, ndani baridi na ukavu. Kazi ya mwanaalkemia basi ni kuitoa nje ile sehemu ya ndani. Ukisoma "geuza ya ndani yawe ya nje" usikimbilie mambo ya nafsi. Mwandishi huenda anazungumzia risasi.

Michoro yenyewe ni rahisi. Pembetatu yenye ncha juu (△) ni moto, kwa sababu moto hupanda. Ncha ikiwa chini (▽) ni maji. Ongeza mstari mlalo kwenye pembetatu ya juu, upate hewa. Uongeze kwenye ya chini, upate udongo. Ukiikuta △ katikati ya maelekezo ya kazi, jaribu kwanza maana ya kawaida kabisa: weka motoni. Ukiikuta kwenye pembe nne za picha, pamoja na wenzake watatu, hapo ndipo mwandishi anazungumzia elementi kama nadharia.

Hatua ya 3: Kariri metali saba na wenye nyumba wao

Hili ni la kukariri tu, hakuna njia ya mkato.

☉ Jua: dhahabu
☽ Mwezi: fedha
☿ Utaridi: zebaki
♀ Zuhura: shaba nyekundu
♂ Mirihi: chuma
♃ Mshtarii: bati
♄ Zohali: risasi

Sababu za ndoa hizi zinasaidia kumbukumbu. Risasi ni nzito na imefifia, na Zohali ndiye anayetembea polepole kuliko sayari zote zinazoonekana kwa macho. Chuma ni silaha, na Mirihi ni wa vita. Shaba ilichimbwa Cyprus, kisiwa kilichohesabiwa kuwa cha mungu wa kike Zuhura.

Kinachofanya orodha hii iwe na faida ni majina yanayozaliwa nayo. "Zafarani ya Mirihi" ni kutu nyekundu ya chuma. "Chumvi ya Zohali" ni risasi iliyoyeyushwa katika siki. Mti wa Diana, mungu wa mwezi, ni vitawi vya fedha vinavyoota ndani ya chupa zebaki inapotiwa kwenye maji yenye fedha iliyoyeyushwa kwa asidi ya nitriki. Ukiona jina la sayari limeambatana na kitu cha kawaida, badilisha sayari kwa metali yake. Mara nyingi sentensi inafunguka papo hapo.

Na Mirihi akikutana na Zuhura? Tukio hili linaweza kuonekana kwa macho hata leo katika maabara ya shule. Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba inayotumika kama dawa ya ukungu. Uyeyushe katika maji, uchovye msumari safi wa chuma. Baada ya muda mfupi sehemu iliyozama inavaa koti jekundu. Futa kwa kidole, ni shaba. Kemia ya leo inasema chuma kimeingia kwenye maji na shaba imetoka. Aliyeliona jambo hilo kwenye maji ya buluu yanayotiririka kutoka machimboni aliona chuma kikigeuka shaba mbele ya macho yake, na akaliandika kuwa ushahidi kwamba metali hugeuka. Simlaumu. Mimi ningeandika hivyohivyo.

Chumvi na asidi zina alama zake, nyingi mno kuziorodhesha hapa, lakini chache zitakutosha kwa kuanzia: duara lenye mstari mlalo katikati ni chumvi, mstari ukisimama wima ni shura, chumvi ya kutengenezea baruti, nyota ndogo ni nushadiri, kloridi ya amonia, duara lenye msalaba juu yake (♁) ni antimoni, ambayo pwani tunaijua kama wanja wa manga.

Hatua ya 4: Tenganisha zebaki ya dukani na "zebaki yetu"

Nadharia kuu ya Waarabu, waliyoipokea Walatini, ilisema metali zote zinaundwa chini ya ardhi kwa muungano wa zebaki na salfa. Zebaki inatoa mng'ao na uwezo wa kuyeyuka. Salfa inatoa rangi na uwezo wa kuwaka. Zikiwa safi na kwa kiasi sawasawa, inazaliwa dhahabu. Zikiwa chafu, inazaliwa risasi au chuma. Tabibu Paracelsus (1493–1541) akaongeza chumvi, iwe ya tatu, na akazitanua zote zihusu kila kitu, si metali pekee. Mfano wa wafuasi wake ni kuni: kinachotoa mwali ni salfa, kinachopanda moshi ni zebaki, majivu yanayobaki ni chumvi.

Ni wazi kwamba ndani ya ukuni hakuna zebaki ya chupani. Maneno haya matatu yanataja kazi: kinachowaka, kinachoruka, kinachobaki. Kwa hiyo kila unapokutana na ☿ kwenye maandishi jiulize kama ni dutu inayopimwa kwa uzito au ni kazi inayofanyika. Dalili nzuri ni kipimo: akisema "wakia mbili", ni dutu. Dalili nyingine ni neno "yetu". "Zebaki yetu", "dhahabu yetu", "moto wetu": hapo mwandishi anakuonya kwamba hazungumzii unachoweza kununua sokoni. Wengine wanasema wazi kuwa mwenye kudhani ni zebaki ya kawaida atapoteza mali yake.

Zebaki halisi nayo ina tabia iliyowatia wazimu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaiona: zebaki inatiwa kwenye mchanga wa dhahabu, inameza chembe zote, unabaki na donge laini jeupe lisilo na dalili yoyote ya njano. Linakamuliwa kwa kitambaa, linachomwa, zebaki inaruka, dhahabu inarudi. Mvuke huo ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unalenga kupunguza matumizi hayo na pale inapowezekana kuyakomesha. Lakini mtazame mwanaalkemia akitazama jambo hilohilo: mfalme wa manjano ameingia katika mwanamke mweupe, ametoweka, amepita motoni, amefufuka. Harusi, kifo na ufufuo unaoviona katika picha nyingi vina chungu halisi nyuma yake.

Hatua ya 5: Wahoji wanyama

Usimuulize mnyama jina. Muulize maswali manne: una mabawa? Unakula nini? Una rangi gani? Unakufaje?

Mabawa ni dalili ya kuaminika kuliko zote. Mwenye mabawa ni dutu inayoruka, inayogeuka mvuke ikipata joto. Asiye na mabawa ni inayotulia motoni. Joka lenye mabawa na joka lisilo nayo wakiumana, kinachoruka na kinachotulia vinaunganishwa chunguni. Tai mara nyingi ni nushadiri, kwa sababu ukiipasha inapanda bila kuyeyuka na kuganda juu ya chombo kama unga mweupe. Lakini kwa George Starkey, mzaliwa wa Bermuda aliyesoma Harvard na kuandika kwa jina la Eirenaeus Philalethes, tai ni kazi: idadi ya tai ni idadi ya mara zebaki inavyosafishwa. Mnyama mmoja, waandishi wawili, maana mbili.

Kinywa kinakuambia kiyeyushi. Anayemeza ndiye anayeyeyusha, anayemezwa ndiye anayeyeyuka. Simba wa kijani anayekula jua ni picha maarufu kuliko zote, na watu wamebishana sana juu yake. Wapo wanaomsoma kama vitrioli ya kijani, chumvi ya chuma inayotumika kutengeneza asidi. Wapo wanaoona maji ya kifalme, mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu. Katika mkondo uliomfikia Isaac Newton, simba huyo amesomwa kuwa mawe ya antimoni. Binafsi sioni haja ya kuchagua mmoja kwa vitabu vyote; angalia tu ndani ya kitabu chako simba anawekwa wapi, kabla ya nini na baada ya nini.

Nyoka anayejiuma mkia anastahili neno lake. Mchoro wake wa kialkemia unaojulikana zaidi uko katika hati ya Kigiriki iliyohifadhiwa Venice, Marcianus 299, ya karne ya 10 au ya 11, kwenye ukurasa unaohusishwa na mwanamke aitwaye Cleopatra (si malkia). Ndani ya duara la nyoka pameandikwa kwamba vyote ni kimoja. Mwili wake nusu mweusi, nusu mweupe. Umilele upo humo, lakini ukurasa huohuo una michoro ya vyombo vya kukeneka, ambamo kimiminika kinapanda mvuke na kurudi matone.

Na mwari, ndege anayejichoma kifua alishe wanawe kwa damu? Tazama kwanza kama ni ndege kweli. Mwari pia ni chombo cha kioo chenye mikono miwili inayorudisha matone tumboni mwake.

Hatua ya 6: Fuata rangi kwa mpangilio

Weusi, weupe, unjano, wekundu: ndizo hatua za Kazi Kuu, yaani kutengeneza jiwe la kugeuza metali. Baadaye wengi waliruka unjano wakabakiza tatu. Weusi huonyeshwa kwa kunguru, fuvu au maiti. Weupe kwa bata maji mkubwa mweupe au malkia. Wekundu kwa mfalme au ndege anayezaliwa upya motoni. Kati ya weusi na weupe huja mkia wa tausi, rangi zote kwa mpito. Faida yake kwa msomaji ni kubwa: rangi ndiyo namba ya ukurasa. Kurasa zikichanganywa makusudi, kunguru anakuambia uko mwanzoni.

Hatua ya 7: Moto, chombo na nyota

Bila kipimajoto, moto ulipimwa kwa namna ya kuupokea: samadi ya farasi inayochacha kwa joto la polepole, chombo ndani ya maji ya moto (mbinu inayobeba jina la Maria Myahudi, mwanamke aliyetajwa na Zosimos), chombo ndani ya majivu, ndani ya mchanga, kisha mwali wenyewe. Mwandishi akisema tumbo la farasi, usitafute mnyama.

Alama za buruji kumi na mbili, zile nyota za wanajimu, zinachanganya zaidi, kwa sababu zinaweza kuwa tarehe au kazi. Kamusi ya alkemia ya Pernety, iliyochapwa Ufaransa mwaka 1758, inazipanga kama kazi: Punda ni kuchoma hadi majivu, Ng'ombe kugandisha, Mapacha kutuliza, Kaa kuyeyusha, Mashuke kukeneka, Nge kutenganisha, mpaka Samaki, ambao ni kule kurusha unga wa mwisho juu ya metali. Ni mpangilio mzuri, ila ni wa mwaka 1758. Usiubebe urudi nao miaka 300 nyuma. Mwanaalkemia George Ripley wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1471, ana milango kumi na miwili ya kwake, na haifuatani sawa na hiyo.

Hatua ya 8: Zoezi kamili, mbwa mwitu na mfalme

Mwaka 1599 Johann Thölde, Mjerumani mwenye biashara ya chumvi, alichapa kitabu cha Funguo Kumi na Mbili akisema ni cha mtawa wa zamani aitwaye Basil Valentine. Wengi leo wanaona mkono wa Thölde mwenyewe humo. Ufunguo wa kwanza, kwa maneno yangu, unasema: mchukue mbwa mwitu mkali wa kijivu, ambaye kwa jina yuko chini ya Mirihi lakini kwa kuzaliwa ni mtoto wa Zohali mzee, ana njaa kali. Mtupie mwili wa mfalme aule. Akishammeza, washa moto mkubwa umtupe mbwa mwitu humo aungue kabisa, na mfalme atakuwa huru. Fanya hivyo mara tatu, na simba atakuwa amemshinda mbwa mwitu.

Tuanze na kinywa. Mbwa mwitu anakula, kwa hiyo ni kitu kinachomeza metali nyingine kikiyeyuka. Ni wa kijivu. Ni mtoto wa Zohali, kwa hiyo ni ndugu wa risasi bila kuwa risasi. Mfalme hatatusumbua: ni dhahabu. Kitu cha kijivu chenye undugu na risasi na kinachotafuna metali kwa urahisi ni mawe ya antimoni, salfaidi ya antimoni. Kumtaja Mirihi kunaeleweka pia, maana mbwa mwitu ni mnyama wa Mirihi tangu enzi za Warumi.

Sasa yapitishe motoni. Dhahabu ya vito ilikuwa na fedha na shaba ndani yake. Iyeyushe pamoja na mawe hayo: salfa inazikamata shaba na fedha, zinapanda juu kama takataka, na antimoni iliyoachwa huru inaungana na dhahabu na kuzama chini. Mfalme ameliwa, ukivunja chungu kilichopoa unakuta bonge jeupe linalovunjika, huioni dhahabu. Lipashe tena kwa moto mkali wenye upepo. Antimoni inaondoka kama moshi mweupe mzito. Mbwa mwitu ameungua. Kinachobaki ni dhahabu safi kuliko ya mwanzo, na kila ukirudia inazidi kusafika.

Hii ilikuwa mbinu halisi ya kusafisha dhahabu, na neno "mara tatu" ni maelekezo ya kazi. Lawrence Principe wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwanakemia na mwanahistoria, amezifuata funguo kadhaa za kitabu hiki ndani ya maabara na kuonyesha kwamba za mwanzo zinaeleza kemia inayofanyika kweli. Za mwisho zinahusu jiwe la kugeuza metali, na huko hakuna tanuri litakalokusaidia. Kitabu kilekile, mwandishi yuleyule, na mpaka kati ya alichokifanya na alichokitamani haukuchorwa.

Picha iliyokuja baadaye inaongeza jambo. Yupo mfalme na malkia, mbwa mwitu anaruka juu ya chungu kilicho motoni, na upande wa pili mzee mwenye mguu wa mti na mundu mrefu. Mzee ni Zohali, na kazi ya risasi katika karakana ilikuwa kusafisha fedha. Malkia, yaani fedha, amepata msafishaji wake kama mfalme alivyopata wake. Maneno ya kitabu peke yake yasingekufikisha hapo.

Hatua ya 9: Vua maana zilizoongezwa baadaye

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1944 kuhusu saikolojia na alkemia, alizisoma picha hizi kama safari ya nafsi. Usomaji wake unaeleza mengi kuhusu Jung. Ni kweli wanaalkemia wengi waliomba, walifunga na walimwona Mungu kazini mwao, lakini waliagiza mkaa pia. Sehemu kubwa ya "maana za kiroho" zinazozunguka kwenye tatuu na mikufu, kama vile maji kuwa hisia na udongo kuwa uthabiti, imetoka kwa waandishi wa mambo ya siri wa karne ya 19 na 20. Kama unataka tatuu, chora. Ila usimwekee maneno hayo kinywani mtu wa mwaka 1500.

Kuna upande wa pili unaosahaulika: alama hizi zilifanya kazi ya kawaida ya sayansi. Mwaka 1718 mwanakemia Étienne-François Geoffroy alitoa mjini Paris jedwali la safu 16 likionyesha kipi kinaungana na kipi kwa nguvu zaidi, na karibu lote limeandikwa kwa alama za zamani. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akachukua ♂ na ♀ kuonyesha dume na jike. Waliozistaafisha ni mwanakemia Mfaransa Lavoisier na wenzake kwa majina mapya ya mwaka 1787, kisha Berzelius wa Sweden, aliyeanza kutumia herufi kama Fe na Cu katika miaka ya 1810.

Hatua ya 10: Tengeneza kamusi ya kila kitabu

Gawa ukurasa wa daftari safu nne: alama kama ilivyochorwa, mahali ilipo, inachofanya au inachofanyiwa, na mwisho kabisa jina unalolidhania, kwa penseli. Safu ya tatu ndiyo ya kujaza kwanza. Kila kitabu kipewe kurasa zake. Usihamishe jina la penseli kutoka kwa Ripley kwenda kwa Starkey bila ushahidi mpya.

Kwa kuandika kwenye kompyuta, mfumo wa Yunikodi uliingiza kundi la alama za alkemia mwaka 2010, zaidi ya mia moja. Baadhi ya simu zinaweza kuonyesha kisanduku kitupu mahali pake, kwa hiyo eleza pia kwa maneno: "pembetatu juu ya msalaba" ni salfa popote itakapotumwa.

Kwa mazoezi, anza na Newton, aliyeacha takriban maneno milioni moja kuhusu alkemia; Chuo Kikuu cha Indiana kimeweka hati zake nyingi mtandaoni, picha ya ukurasa na maandishi yake yaliyonakiliwa, kwa hiyo unaweza kujisahihisha. Ukizoea, nenda kwenye picha za kitabu cha alkemia kiitwacho Splendor Solis, nakala ya mwaka 1582 iliyoko Maktaba ya Uingereza, picha 22 zenye rangi za kutosha kukupima hatua ya sita. Alama ikikushinda, iache safu ya nne tupu uendelee na ukurasa unaofuata.